Chura Mwenye Taa

Banda la video la Mama Zuwena lilinuka turubai lililopigwa na jua. Ukiinama kuingia, harufu hiyo ndiyo iliyokupokea kwanza, kisha ikafuata ya petroli kutoka kwenye jenereta, ya karanga za kukaanga, na ya miguu ya watoto waliotoka kucheza kwenye tope la mwaloni, kule watu walikooshea mchanga wa dhahabu. Ndani kulikuwa na mabenchi sita ya mbao ambazo hazikupigwa randa, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Nje, mashine za karasha zilisaga mawe tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo kila sauti mle ndani ilibidi ipandishwe. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi kwenye machimbo madogo, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Geita mjini, mimi, baba, na mdogo wangu Masanja aliyekuwa na miaka sita. Mama alikuwa ameondoka mwezi wa kwanza kwenda kijijini kwetu Kishapu, karibu na Mhunze, kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Msimu ninaousimulia ni ule ambao mama hakuwepo, kuanzia kuondoka kwake mpaka mvua za masika.

Jioni banda lilikuwa la wanaume na filamu zao za kupigana. Kwa sababu hiyo baba alitukataza kabisa kulisogelea, akisema ni shule ya wahuni. Lakini Jumapili mchana lilikuwa letu watoto, na Mama Zuwena alituwekea katuni. Alikuwa mjane wa Kiislamu kutoka Ujiji, mnene, mcheshi, na aliniruhusu kuingia kwa ndoo moja ya maji niliyomtekea kisimani. Baba alikuwa na kikao cha wachimbaji kila Jumapili, basi nilitoka nikarudi bila yeye kujua. Katuni zenyewe zilikuwa hadithi za zamani za watoto wa Kizungu, za wafalme na wachawi na wanyama wanaosema, zilizotengenezwa upya na watu ambao nadhani hawakuwa na uwezo mkubwa. Mtoto alikimbia msituni na mti uleule ukampita mara saba. Gauni lilikuwa jekundu, mlango ukafunguka, likawa la bluu. Mikono mingine ilikuwa na vidole vinne, mingine vitatu. Mtu akisema, uso wote ulibaki umekufa, mdomo tu ndio uliofunguka na kujifunga. Farasi mmoja mweupe alitokea katika kila hadithi, hata zile zisizomhitaji. Sisi hatukuona kasoro yoyote. Tulidhani ndivyo nchi hiyo ilivyo.

Filamu za wakubwa zilikuja zimeshatafsiriwa. Katuni hazikuwa na mtu wa kuzitafsiri, kwa hiyo Mama Zuwena alizima sauti na kusema mwenyewe kwa kipaza sauti alichokifunga na mpira wa baiskeli. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu wa kwenye katuni majina ya watoto waliokaa mbele. Jumapili moja, kwa kuwa nilichelewa na nafasi nyingine hakuna, nilikaa mbele. Akatokea msichana mwenye kichwa kikubwa na macho kama visahani. "Huyu ndiye Kabula," akasema Mama Zuwena. "Mwangalieni kichwa, mama yake alimzaa kwa taabu." Banda zima lilicheka. Mimi niliyekuwa siwezi hata kujibu mwalimu akiita mahudhurio nilitamani benchi linimeze, lakini moyoni nilifurahi kuliko siku yoyote. Kabula wa kwenye televisheni hakuwa na mama. Alitembea akafika mahali penye miti miwili, na katikati yake pana kilima cha mviringo ambacho Mama Zuwena alikiita kichuguu. Chura aliyevaa kofia akachungulia kutoka ndani, ameshika taa. "Chura anamwambia, Kabula, huku chini nimekaa juu ya dhahabu tangu enzi za babu zenu. Gonga mara tatu." Kabula akainua mkono. Hapo picha ikakatika vipande vya mraba, ikaganda, na Mama Zuwena akasema sidii imechoka, twende nyumbani.

Masanja hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amelala kwenye mkeka na homa ya malaria, na niliporudi alikuwa amekasirika kwa kuachwa. Nikamsimulia ili anyamaze. Na kwa kuwa msichana aliitwa Kabula, nilisimulia kwa kusema mimi. Nilifika kwenye miti miwili. Nikamwona chura. Nikainua mkono nigonge. Kwa mtu mwenye aibu kama yangu, ilikuwa tamu sana kusema mimi mara nyingi hivyo bila kukatizwa.

Ni lazima nieleze desturi moja ya machimbo yetu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Hakuna mtu aliyeshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kabla ya kusema ameota nini. Asubuhi wanaume walikutana kwa chai ya rangi wakaulizana ndoto kama watu wa mahali pengine wanavyoulizana habari za nyumbani. Kuota msiba ilikuwa heri. Kuota harusi ilikuwa balaa, mtu alikaa juu siku hiyo. Ukiota umeokota mayai, watu walichukua sururu bila mjadala. Ndoto ngumu zilipelekwa kwa mganga aliyeishi ng'ambo ya mto. Na ndoto ya mtoto ilithaminiwa kuliko zote, kwa sababu walisema mtoto hana tamaa, haoti anachokitaka. Baba alikuwa hajaota kitu tangu mama aondoke. Duara lake lilikuwa likitoa mawe matupu, naye alianza kukonda.

Kesho yake asubuhi alikuja Baba Shija, mwenzake baba katika uchimbaji. Binti yake Shija, aliyeitwa hivyo kwa kuwafuata mapacha, alikaa nami dawati moja shuleni. Baba Shija alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno mbele, na alipenda kumtania Masanja kwamba atamwoza Shija.

"Mwangaluka, mkwe wangu," akamsalimu kwa Kisukuma. "Umepona?"

"Nimepona," Masanja akasema. "Kabula kamwona chura mwenye taa. Kakaa juu ya dhahabu."

Baba akashusha kikombe. Akaniita. Nilikuwa jikoni napuliza moto, nikaja na majivu kwenye nyusi.

"Umeota?"

Niliangalia vidole vya miguu yangu. Nikisema ni katuni, nitakuwa nimesema nilikwenda bandani, na fimbo ya mpera ilikuwa pale juu ya mlango. Zaidi ya fimbo, niliogopa kusema maneno mengi mbele ya wanaume wawili. Neno moja lilikuwa rahisi zaidi.

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa wapi huyo chura?"

"Chini ya kichuguu. Kwenye miti miwili."

"Na taa ilikuwa inawaka, mayu?" akauliza Baba Shija kwa upole. Alikuwa akiniita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyowaita hata watoto wa kike wanaowapenda.

"Ilikuwa inawaka."

Walitazamana. Nyuma ya machimbo, njia ya kwenda mtoni, kulikuwa na kichuguu kikubwa katikati ya migunga miwili. Kila mtu alikijua. Mbuzi walipenda kulala pale. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliona yangu ikirefuka mbele ya macho yangu, baba akiingia ndani kuchukua sururu, Baba Shija akimalizia chai kwa funda moja.

Kufikia Ijumaa walikuwa wanne. Ndugu wawili kutoka Kahama waliacha duara lao wakajiunga. Walichinja mbuzi, wakakata magogo ya kuegemeza kuta, wakachora mstari wa majivu kuzunguka pale. Mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka, wala msichana, wala mimi niliyeota. Udongo wa kichuguu ni laini, unachimbika upesi, na ndani ya siku chache baba alikuwa akizama mpaka kamba tu ndiyo inayoonekana. Jioni alirudi mwekundu mwili mzima, anacheka. Alininunulia kandambili mpya. Watu walinisalimia njiani, hata wazee. Shija alijivunia kukaa nami. Lakini kila baba aliposhuka, niliogopa, kwa sababu mimi peke yangu nilijua alichokuwa akikifuata. Nilijua pia kwamba sikuona mwisho. Nikajiambia, labda katika hadithi ile dhahabu ipo kweli. Kama Kabula wa televisheni aliipata, basi sijadanganya sana.

Jumapili iliyofuata nilibeba ndoo yangu na kwenda kuuona mwisho. Mama Zuwena aliweka sidii ileile. Msichana mwenye kichwa kikubwa akatokea, na Mama Zuwena akasema, "Huyu ni Neema," kwa kuwa Neema wa muuza mchele ndiye aliyekaa mbele. Ile miti miwili ikaja. Kile kilima sasa kilikuwa tanuru la mkaa. Chura alikuwa bwana harusi aliyekimbia deni la mahari, na taa aliishika ili atazame kama wakwe wamefika. Watoto walicheka mpaka wakaangukiana. Mkono ukainuka, picha ikaganda palepale. Nilibaki kwenye benchi mpaka wote wakatoka.

"Mama Zuwena, chura ana dhahabu au hana?"

"Chura yupi?"

"Wa Kabula. Wa wiki iliyopita."

Alizima jenereta kwanza. "Mwanangu, ile lugha wanayosema mle wewe unaijua? Basi hata mimi siijui. Naangalia picha, mdomo ukifunguka natia maneno. Leo nilikuwa na hamu ya harusi."

"Na mwisho wake?"

"Sijawahi kuuona. Imekwaruzwa tangu naitoa dukani." Kisha akanitazama. "Mbona umebadilika? Homa?"

Nikasema hapana. Nilitembea kwenda nyumbani nikipitia njia ndefu. Hapakuwa na dhahabu chini ya kichuguu, wala chini ya kilima cha kuchorwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwema aliyetaka kutuchekesha, na sauti yake ilikuwa imemshusha baba yangu ardhini.

Jioni hiyohiyo, nikisonga ugali, nilisema. Masanja alikuwa nje anafukuza kuku waingie bandani kwao. Baba alikuwa akinawa.

"Baba, ile haikuwa ndoto."

"Ilikuwa nini?"

"Katuni. Kwa Mama Zuwena."

Nilingoja fimbo. Hakuigusa. Aliendelea kunawa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, mpaka maji kwenye bakuli yakawa kama uji wa ulezi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie." Akakaa. "Wenzangu wameacha maduara yao, Kabula. Wamechinja mbuzi. Nitawaambia niliwaleta pale kwa katuni ya watoto? Tutashuka kidogo mpaka kwenye mwamba. Tukikuta hakuna kitu watachoka wenyewe, tutatawanyika bila kuchekana."

Naandika ukweli: nilifurahi. Mzigo ulikuwa umetoka kwangu ukaenda kwake, na yeye alikuwa mkubwa, nikadhani anajua pa kuuweka. Nilikula ugali wote. Yeye hakula. Kesho yake asubuhi nilimtazama akinywa chai na Baba Shija, akimsikiliza akisimulia ndoto yake ya msiba, akiitikia kwa kichwa, na nikaona jinsi mtu mzima anavyoweza kusema uongo bila kufungua mdomo. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Methali hiyo ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya ubao wa darasa letu, nami niliisoma kila siku kwa wiki tatu.

Mvua za masika zilianza kwa nguvu. Asubuhi moja, baada ya kunyesha tangu alfajiri, mwalimu alikuwa akitufundisha kugawanya kwa njia ndefu. Hatukusikia mshindo. Tulichosikia ni karasha moja kunyamaza, kisha ya pili, kisha zote. Mtoto wa machimbo anajua maana yake. Mashine zikinyamaza mchana, kuna mtu chini. Mwalimu aliacha chaki hewani. Darasa zima, kila mmoja akiwa na baba au kaka au mjomba ardhini, lilikaa likitazama mlango, na Shija akanishika mkono chini ya dawati. Mkono wake ulikuwa wa moto. Wangu ulikuwa wa baridi, kwa sababu mimi nilijua ni duara lipi.

Baba alikuwa juu. Ilikuwa zamu yake kupumzika. Nilimwona kutoka nje ya mstari wa majivu ambao mvua ilishaufuta lakini wanawake bado hawakuuvuka. Alikuwa amepiga magoti, anachimba kwa mikono mitupu, udongo umemfika mabegani, anaita jina. Baba Shija walimtoa kesho yake.

Msibani sikuweza kuacha kulia, mpaka wanawake wakaanza kunong'ona. Mama Shija aliniita nikae karibu naye kwenye mkeka. Mganga alikuwa ameshapita akaeleza kwamba chura alikuwa akionyesha kaburi, na taa ilikuwa taa ya matanga, ila watu walikimbilia dhahabu wakasahau kuuliza vizuri. "Usilie hivyo, mayu," Mama Shija akaniambia, akinipangusa kwa upande wa khanga yake. "Ndoto yako ilikuwa ya kweli. Sisi ndio hatukujua kuisoma." Niliinua macho. Upande wa wanaume, baba alikuwa akinitazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alinitazama tu, na mimi nikashusha macho. Mwezi haukuisha tukarudi Kishapu. Mama hakuelezwa chochote zaidi ya ajali.

Miaka imepita. Nilimaliza darasa la saba Kishapu, na sasa nipo Geita mjini, nashona sare za shule kwenye kibanda cha fundi mmoja. Baba analima pamba na mtama. Kwao asubuhi hakuna anayeulizwa ameota nini. Chai hunywewa kimya, kisha kila mtu huchukua jembe lake. Watoto wa nyumba ninayopanga wanaangalia katuni kwenye simu, na hadithi nyingine nazitambua, ni zile za wafalme na wachawi. Siku hizi nywele zinapepea unywele mmoja mmoja, miti haijirudii, na kila mtu anaongea Kiswahili safi kinacholingana na mdomo wake. Watoto wanavuta skrini kwa kidole wanauona mwisho kabla ya mwanzo. Sisi tulibanana mabenchini tukaamini sauti moja. Siwezi kusema ipi ni bora. Najua tu kwamba hao hawajui kilicho ndani ya mlima uliopo nyuma ya nyumba yao, na hakuna anayewauliza.

Shija alibaki kulekule machimboni. Aliolewa na mchimbaji niliyewahi kuonana naye mara mbili tatu, na kwa miaka yote hiyo tulipigiana simu. Hakuwahi kunilaumu. Kinyume chake, alinihesabu kama mtu aliyeguswa na kitu, na nilimwachia aamini hivyo, kwani urafiki wake ulikuwa kitu pekee kilichosalia kutoka machimbo yale. Miezi miwili iliyopita alinipigia mchana, nikiwa nimeinamia cherehani.

"Kabula, mume wangu amepata nafasi kwenye duara jipya. Wanaanza Jumatatu. Ardhi yenyewe siielewi, ina maji maji."

"Asishuke."

"Ndiyo maana nakupigia. Niambie umeota nini. Au niotee leo, nitakupigia kesho."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Ilikuwa asubuhi ileile tena, neno moja rahisi na maneno mengi magumu. Ningeweza kusema nimeota harusi, asingeshuka Jumatatu. Lakini angeshuka Jumanne, kwa ndoto ya mtu mwingine.

"Shija, mimi siotagi. Hata wakati ule sikuota." Nikamweleza. Banda, sidii, Mama Zuwena, fimbo juu ya mlango. Nilieleza polepole, maana kusema si kazi yangu, naye hakunikatiza.

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

Hilo nililiogopa kuliko yote. "Tangu kabla."

Nilisikia anavuta pumzi. "Miaka yote hii ninawaambia watu baba yangu alikufa kwa ndoto," akasema. "Mtu kufa kwa ndoto ni jambo. Leo unaniambia alikufa kwa katuni." Akakata.

Hajanipigia tena, na zangu hapokei. Siku tatu baadaye alipiga baba kutoka Kishapu. Akasema, "Mama Shija amenipigia." Akauliza kama huku Geita mvua imenyesha, nikajibu imenyesha kidogo, akasema huko kwao bado. Ila sauti yake ilikuwa imechoka kwa namna nyingine, kama ya mtu aliyetua kitu akaona bado mgongo unauma. Wakati ule nilinyamaza nikabaki na watu wote. Sasa nimesema, nimepoteza rafiki, na baba yangu hawezi tena kwenda machimboni na kupita mlangoni kwa Mama Shija.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kutafuta vifungo. Mume wa Shija alikuwa pale, saa ambayo wachimbaji wako ardhini, anasukuma toroli la viazi, shati limelowa mgongoni. Aliniona, akanitambua, akageuza uso. Sikumwita. Nilisimama kando ya wauza nyanya nikamtazama anavyopenya katikati ya watu, mchana kweupe, akiwaomba wampishe njia, mpaka akakata kona.